Uzito Ukigoma Kushuka: Anza na Tui, Mafuta na Korosho

Karibu kila anayepunguza uzito hufika mahali mizani ikagoma. Kilo sita, nane au kumi zimeondoka bila shida kubwa, nguo zimelegea, watu mtaani wameanza kuuliza kama unaumwa. Kisha zinapita wiki tatu, nne, tano, na namba ni ile ile. Chakula ni kile kile, matembezi ni yale yale, au ndivyo mwenyewe anavyoamini.

Mitaani kuna majibu mawili. Moja linasema mwili umeshazoea, sasa unahitaji kushtuliwa. La pili linasema mwili umehisi njaa, kwa hiyo unashikilia mafuta hata ukila kidogo namna gani. Yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili humpeleka mtu pabaya: anayeamini la kwanza huishia kwenye chai za kuharisha, anayeamini la pili hukata tamaa. Kinachotokea hasa ni cha kawaida zaidi. Matumizi ya mwili yameshuka kidogo, chakula kimepanda kidogo pasipo mwenyewe kuona, vimekutana katikati. Juu yake, maji ya mwilini yanaficha mabadiliko madogo yaliyobaki. Kila kimoja kina tiba yake, na ukianza na isiyo yake unapoteza miezi.

Kwanza hakikisha kwamba umekwama

Uzito wa mtu mmoja asubuhi na jioni unaweza kutofautiana kwa kilo 1 hadi 2 bila mafuta yoyote ya maana kuongezeka. Ni chakula kilicho tumboni, ni maji, ni chumvi. Wanga ambao mwili huuweka akiba kwenye misuli na ini, kila gramu yake hukaa na gramu kama 3 za maji. Ndiyo sababu wiki mbili za mwanzo kilo 2 au 3 huondoka haraka: akiba ya wanga imepungua na maji yake yamekwenda nayo. Ndiyo sababu pia pilau ya harusi ya Jumamosi huweza kurudisha kilo moja na nusu Jumapili asubuhi. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini inataka kalori zipatazo 7,700 juu ya zile unazotumia, na hakuna sahani ya harusi yenye kiasi hicho.

Pwani hii ya Lindi na Mtwara, kusini mwa Tanzania, ina sababu zake za kushika maji. Ng'onda na samaki wa chumvi wanaweza kukupitisha kwa mlo mmoja kiwango cha gramu 5 za chumvi kwa siku kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, na mwili huhifadhi maji ili kuipoza hiyo chumvi. Mwanamke anayekaribia hedhi anaweza kuongezeka kilo 1 hadi 2 kwa siku chache. Anayeanza mazoezi mapya naye hupanda, kwa sababu misuli iliyofanyishwa kazi isiyoizoea huvimba na kushika maji. Hata kujinyima kupita kiasi kunafanya hivyo. Katika jaribio la Minnesota la mwaka 1944 na 1945, lililoongozwa na Ancel Keys, wanaume 36 walilishwa karibu nusu ya chakula chao cha kawaida kwa wiki 24. Walikonda hadi mbavu zikaonekana, lakini miguu ilivimba maji.

Kwa hiyo pima hivi. Asubuhi baada ya kwenda chooni, kabla ya kunywa wala kula, ukiwa na nguo nyepesi, mizani ikiwa juu ya sakafu ya saruji, si juu ya mkeka au zulia. Andika kila siku, kisha tafuta wastani wa siku 7. Tuseme wiki moja imetoa 82.4, 81.9, 82.8, 82.1, 81.7, 82.5 na 82.2. Anayetazama siku mojamoja ataona kichaa cha namba; wastani ni 82.2, basi. Hiyo ndiyo ya kulinganisha na wastani wa wiki ya nne kutoka hapo. Mwanamke anayepata hedhi alinganishe wiki moja ya mzunguko na wiki ile ile ya mzunguko unaofuata, vinginevyo atakuwa analinganisha maji na maji.

Pima na kiuno, mara moja kwa wiki, kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, ukiwa umetoa pumzi na bila kubana tumbo. Kiuno kikipungua sentimita 2 huku uzito umesimama, hujakwama: mafuta yanatoka, ila maji, au misuli, vimekaa mahali pake. Usibadilishe chochote.

Asiye na mizani nyumbani anayepima kliniki au duka la dawa atumie mizani ile ile, siku ile ile ya wiki, saa ile ile, na asubiri wiki 6 kabla ya kusema amekwama. Mizani mbili tofauti kupishana kilo moja ni jambo la kawaida.

Hesabu inavyobana

Chukua mwanamke wa miaka 40, urefu sentimita 160, aliyeanza na kilo 92 na sasa ana 82. Kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990 inasema hivi: uzito mara 10, ongeza urefu mara 6.25, toa umri mara 5, kisha toa 161 kwa mwanamke au ongeza 5 kwa mwanamume. Mwili wake ukiwa umetulia tu ulikuwa unatumia kalori 1,559 kwa siku. Sasa ni 1,459. Zidisha kwa 1.4 kwa mtu wa kukaa dukani au ofisini, na matumizi ya siku nzima yameshuka kutoka 2,183 hadi 2,043. Kalori 140 zimepotea kwa sababu moja tu, kwamba mwili mdogo ni rahisi kuuendesha.

Halafu kuna nyongeza. Leibel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha mwaka 1995 kwamba mwili uliopungua hutumia pungufu kuliko udogo wake unavyoeleza. Seli za mafuta zikisinyaa hutoa homoni ya leptini pungufu, na ubongo huisoma kama dalili ya upungufu. Mtu anaanza kukaa palipokuwa pa kusimama, anatuma mtoto dukani, anapanda bodaboda kwa mwendo wa dakika kumi. Hajaamua kuwa mvivu, mwili unabana matumizi. Tukadirie kwamba mama wetu sasa anatumia 1,900.

Kama lengo lake lilikuwa kula kalori 1,700, mwanzoni alikuwa na pengo la 480 kwa siku. Sasa amebaki na 200. Mia mbili kwa siku ni 1,400 kwa wiki, yaani gramu 180 za mafuta. Gramu 180 kwenye mizani inayoyumba kwa kilo nzima hazionekani hata kidogo. Mtu huyu bado anapungua, ila anaamini amekwama.

Na pengo la 200 ni jembamba. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori 120. Gramu 15 za korosho, kiganja kisichojaa, zina 80. Jumla 200. Pengo limefungwa, na uzito sasa umesimama kweli.

Hapa ndipo kisa cha mwili kushikilia mafuta kinapoanguka. Mwili hubana matumizi, lakini haubani kiasi cha kumfanya anayekula 1,200 kweli asipungue. Nguvu kubwa zaidi iko upande wa hamu ya kula. Kazi ya Kevin Hall na wenzake huko Marekani, iliyochapishwa mwaka 2016, ilikadiria kwamba kwa kila kilo iliyopungua matumizi hushuka kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, ilhali hamu husukuma ulaji juu kwa kalori kama 100. Njaa inavuta mara tatu au nne zaidi ya matumizi yanavyoshuka. Ndiyo maana kijiko kinajaa zaidi bila mwenye kijiko kujua. Katika utafiti mwingine, wa mwaka 1992, watu walioshindwa kupungua walisema wanakula wastani wa kalori 1,028. Vipimo vya maabara vikaonyesha 2,081. Si waongo. Jicho la mtu mwenye njaa halipimi vizuri.

Kinachopanda jikoni

Kusini mafuta mengi ya siku hayatoki kwenye chipsi. Yanatoka kwenye nazi.

Nazi moja ya wastani hutoa gramu 350 hadi 400 za nyama, na kila gramu 100 zina kalori 350 hivi, mafuta gramu 33. Kwa hiyo nazi nzima ina kalori 1,200 hadi 1,400. Machicha hubaki na sehemu yake, lakini ukikuna vizuri na kukamua kwa maji ya moto, zaidi ya nusu ya mafuta huingia kwenye tui. Nyumba ya watu watano inayotumia nazi mbili kwa mlo, moja ya wali na moja ya mchuzi au kisamvu, inampa kila mtu gramu kama 30 za mafuta kabla ya kijiko chochote cha mafuta ya chupa. Ni kalori 270 zisizoonekana, kwa sababu hakuna anayeuita wali wa nazi chakula cha mafuta.

Kuacha nazi Mtwara au Lindi ni ushauri wa mtu asiyeijua Mtwara wala Lindi, na hautadumu wiki mbili. Kanuni inayofanya kazi ni hii: kwa mlo mmoja, tui liingie chungu kimoja. Ukitia kwenye wali, samaki awe wa kuchoma au wa kuchemsha kwa ndimu na nyanya. Ukitia kwenye kisamvu au mbaazi, wali uwe mkavu au ugali. Na panapobidi mchuzi wa nazi, pika kwa tui jepesi la pili na la tatu, kisha kasimile kidogo, yaani tui zito la kwanza, imwagwe mwishoni kabla ya kuepua. Ladha na harufu hutoka kwayo, na nusu kikombe inatosha sufuria ya watu watano.

Mafuta ya chupa nayo yapimwe kwa njia rahisi: andika tarehe kwenye chupa siku unapoifungua. Lita 1 ina kalori zaidi ya 8,000. Watu watano wakiimaliza kwa siku 5, kila mmoja anakula kalori 330 za mafuta kwa siku. Ikidumu siku 10, ni 165. Hakuna haja ya kupima kila chungu. Kosa la kawaida ni kumimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu hadi sufuriani. Mimina kwenye kijiko kwanza, hata kama jikoni watakucheka.

Korosho ni tatizo la ujirani. Gramu 100 zina kalori 550, protini gramu 18, na mafuta yake ni mazuri kwa moyo. Chakula chenyewe hakina ubaya. Ubaya ni kwamba hapa korosho haina saa ya kuliwa. Iko kwenye bakuli la wageni, iko mfukoni, iko mikononi mwa anayebangua, inauzwa stendi kwenye pakiti ambayo haifungiki tena ikishafunguliwa. Pima gramu 20 hadi 30 mara moja kwenye mizani ya jikoni, uone zinajaza wapi kwenye kikopo kidogo, kisha hicho kikopo ndicho kiwe kipimo cha siku. Karanga na kashata za ufuta zifuate sheria hiyo hiyo.

Ugali upimwe ukiwa unga. Ukishaiva, maji yake hayatabiriki na namba zote za mtandaoni hupotosha. Unga mkavu wa mahindi au wa muhogo una kalori 350 hivi kwa gramu 100. Tofauti yao iko kwenye protini: mahindi gramu 8 hivi, muhogo kama 2 tu. Nyumba inayokula ugali wa makopa (muhogo uliokaushwa) kila siku, na ming'oko (viazi pori) ikipatikana, ina wanga wa kutosha kabisa. Mboga yake ndiyo inayobeba protini yote, na mboga ikiwa mlenda peke yake mtu atasikia njaa baada ya saa mbili.

Vinywaji vina maelezo mafupi. Soda ya mililita 350 ni kalori 140 hadi 150. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko viwili vya sukari kila kimoja ni 100 hivi, zaidi kama vijiko ni vya kilima. Bia ya nusu lita ni kama 200. Uraka nao ni pombe, na kila gramu ya kilevi ina kalori 7, hata kama kilianza kama bibo, tunda la mkorosho. Dafu halina neno: la ukubwa wa kawaida ni kalori 60 hivi.

Kisha kuna siku ambazo hazihesabiwi. Mtu anabana Jumatatu hadi Ijumaa, pengo la 300 kila siku, jumla 1,500. Jumamosi kuna unyago, Jumapili kuna wageni, kila siku anazidisha 750. Wiki imerudi sifuri, na yeye anakumbuka siku tano alizojinyima. Msimu wa minada ya korosho, kuanzia Oktoba, hufanya hivyo kwa mwezi mzima: pesa imeingia, jioni ni chipsi mayai. Anayepika naye ana hesabu yake ya kuonja na ya kumalizia sahani za watoto.

Kabla ya kukata chochote, andika kila kinachoingia mdomoni kwa siku 7 mfululizo, wikendi ikiwamo, bila kubadilisha ulaji. Andika kiasi. "Wali na samaki" si taarifa; "wali vikombe viwili, changu nusu, mchuzi wa nazi vijiko vitano" ni taarifa. Kwa watu wengi kalori 200 hadi 400 hujitokeza zenyewe kabla wiki haijaisha, na karibu kila mara ziko kwenye mafuta, si kwenye ugali ambao ndio wa kwanza kulaumiwa.

Kukata kidogo, mahali panapofaa

Ondoa kalori 200 hadi 300 kwa siku, si zaidi, kwa mpangilio huu: tui na mafuta, vinywaji, halafu wanga. Mwanamke asishuke chini ya 1,200 wala mwanamume chini ya 1,500 bila daktari kumsimamia. Wakati huo huo pandisha protini hadi gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito, kwa sababu hushibisha kuliko wanga na mafuta na hulinda misuli. Kwa kilo 82 ni gramu 100 na kidogo. Mwenye ugonjwa wa figo asifanye hivi bila kuuliza kliniki.

Siku ya kalori 1,700 yenye protini gramu 100 inaweza kuwa hivi. Asubuhi mayai 2 ya kuchemsha, muhogo wa kuchemsha gramu 100, chai isiyo na sukari. Mchana ugali wa gramu 90 za unga, samaki aliyeiva gramu 150 asiyekaangwa, na matembele gramu 200 yaliyoungwa kwa kijiko cha chai kimoja cha mafuta. Alasiri chungwa na gramu 20 za korosho. Usiku wali mkavu gramu 150, kikombe cha mbaazi za tui jepesi, pweza aliyeiva gramu 70 na kachumbari. Pweza akiwa ghali, weka dagaa wakavu: gramu 30 zina protini gramu 15 hadi 18, kwa bei ndogo, mradi umeziosha chumvi na hukuzikaanga kwenye mafuta yanayofunika.

Zingatia kwamba kwenye siku hiyo nazi ipo, korosho ipo, wali na ugali vipo. Kilichobadilika ni kiasi na jirani ya kila kimoja.

Mazoezi: usiyape kazi isiyo yao

Kutembea kilomita 1 humgharimu mtu wa kilo 82 kalori kama 40 juu ya zile ambazo angetumia akiwa amekaa. Kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani ni kilomita kama 10, saa mbili za mguu, kalori 400. Chapati moja na nusu. Anayetembea ili alipie chakula atashindwa kila wiki, tena kwa sababu matembezi humwongezea njaa.

Kazi ya mazoezi wakati wa kukwama ni nyingine. Katika uzito unaopungua kwa chakula peke yake, karibu robo inaweza kuwa si mafuta, na sehemu yake ni misuli. Misuli ikipotea matumizi hushuka zaidi, na kilo zikirudi hurudi kama mafuta. Mazoezi ya nguvu huuambia mwili kwamba misuli bado ina kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi. Wengi wa waliokwama wana lile la kwanza tu.

Vifaa: kigoda, meza imara, na dumu lenye mshiko. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo dumu ni chuma kinachorekebishika. Siku tatu kwa wiki zisizofuatana, seti 3 za mara 8 hadi 12 kwa kila zoezi, pumzika dakika 2 katikati.

Anza na kuchuchumaa hadi makalio yaguse kigoda, kisha simama bila kujisukuma kwa mikono. Magoti yaelekee vidole, yakiingia ndani punguza kina. Fuata pushapu: ukutani kwa anayeanza, kisha kwenye ukingo wa meza, kisha chini. La tatu ni kuvuta dumu: inama kiunoni mgongo ukiwa umenyooka, mkono mmoja umeshika meza, mwingine unalivuta dumu la lita 5 hadi 10 mpaka usawa wa mbavu. La nne ni kuliokota dumu kutoka sakafuni kwa kusukuma makalio nyuma, mgongo usipinde. Anza na lita 10. Malizia kwa kujishikilia juu ya viwiko na vidole vya miguu sekunde 20 hadi 40. Usizuie pumzi, hasa mwenye shinikizo la damu: toa pumzi wakati wa kuinua.

Uzito sahihi ni ule unaofanya mara mbili za mwisho ziwe ngumu bila umbo kuharibika. Ukifika 12 kwa urahisi seti zote tatu, ongeza lita 2. Wengi huharibu hapa: miezi mitatu dumu ni lile lile, maji ni yale yale, kisha wanasema mazoezi hayasaidii.

Juu ya hayo rudisha mwendo wa kawaida ambao mwili umeubana. Simu nyingi huhesabu hatua. Tafuta wastani wako wa wiki, ongeza 2,000, na ukae kati ya 7,000 na 9,000. Bodaboda ikushushe kilomita moja kabla. Vizazi vilivyopita vya uwanda wa Makonde vilishuka mabondeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani, na havikuhitaji programu ya hatua. Bomba ni jambo jema, ila hizo hatua zimetoweka na chakula hakikupungua. Tembea kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Joto na unyevu wa pwani saa sita mchana humaliza nguvu bila kuongeza faida. Mchanga wa ufukweni ni mgumu zaidi kuliko lami, lakini mwenye vifundo dhaifu apite palipolowa na kushikana.

Ukianza haya mizani inaweza kupanda kilo 1 ndani ya wiki mbili. Yalishaelezwa: ni maji ya misuli. Wiki hizo sikiliza kiuno tu, na usipunguze chakula tena hadi wiki ya nne iishe.

Ya kuachana nayo, na ya kupumzika

Chai za kuharisha hutoa maji na kinyesi. Kukimbia umejifunga nailoni hutoa jasho. Ndimu na tangawizi kwenye maji ya moto ni kinywaji kizuri. Hakuna hata kimoja kinachochoma mafuta. Kulala bila kula siku tatu kisha kufidia ya nne ni wikendi iliyohamia katikati ya wiki.

Usingizi, kinyume chake, una uzito: anayelala kwa muda wa saa 5 huamka na hamu kubwa zaidi kuliko anayelala kwa saa 7, na hamu hiyo huelekea kwenye vitamu na vya mafuta.

Aliyejibana miezi sita mfululizo anaweza kufaidika na mapumziko ya wiki mbili za kula kiasi cha kushikilia uzito, kwa mama wetu 1,900, akiendelea na mazoezi. Utafiti mmoja wa Australia wa mwaka 2017 uliwaona wanaume waliopumzika hivyo wakipungua zaidi ya waliojibana mfululizo. Majaribio ya baadaye hayakuiona tofauti hiyo. Kwa hiyo mapumziko yachukuliwe kama nafuu ya akili, si hila ya kuuamsha mwili. Ramadhani inafaa sana kwa kushikilia, maana kulenga kupungua na futari ya mihogo ya nazi, tambi na kaimati mezani ni kujitafutia lawama bure.

Mama wetu tayari ameondoa zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa mwanzo. Kupungua asilimia 5 hadi 10 kunatosha kushusha shinikizo na sukari kwa watu wengi. Kubaki hapo alipo mwaka mzima ni uamuzi halali, na kwa wengi ni mgumu kuliko kilo tano nyingine.

Sababu inapokuwa nje ya sahani

Ukifuata haya yote kwa wiki 8, kwa kuandika na si kwa kukumbuka, na wastani na kiuno havijasogea, nenda hospitali. Dawa kadhaa hupandisha uzito au huuzuia kushuka: insulini, glibenclamide, prednisolone, amitriptyline, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, na baadhi ya ARV, hasa zenye dolutegravir. Hakuna ya kuacha mwenyewe; kwa baadhi yake daktari anaweza kubadilisha aina au dozi, kwa nyingine faida ni kubwa kuliko kilo. Tezi ya shingoni inayofanya kazi pungufu nayo huleta uchovu, choo kigumu, ngozi kavu na kusikia baridi, na mtu anayeomba shuka zito Lindi mwezi wa Januari ana sababu ya kupimwa.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide aende kabla hajapunguza chakula, si baada ya wiki 8. Dozi iliyopangwa kwa sahani ya zamani inaweza kuishusha sukari ya damu chini ya 4 mmol/L: kutetemeka, jasho la baridi, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Siku ya kwenda achukue daftari la wiki ile ya kuandika chakula, kadi ya kliniki, na kila kidonge anachomeza, pamoja na vya mitishamba.